Mkazo wa Gurudumu la Kushoto

Machi 3

Mvua ya kwanza imepiga leo mchana, na kabla matone hayajakolea mama mkwe alikuwa tayari yuko uani anavuta turubai. Chini ya turubai hilo amelala Mbuzi, gari lake la milimani, tangu mwaka jana. Mimi nilikuwa nimejilaza chini ya lori la mteja. Niliona buti zake tu zikipita mbiombio, halafu turubai likaanguka pwaa.

"Binti, hebu njoo unishikie upande huu."

Nikatoka, nikashika. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Mama akaokota mayai, akayatia kwenye mfuko wa aproni, akawaambia kuku, "Mmekaa vya kutosha. Hameni."

Naandika haya kwa sababu mume wangu amenuna, shemeji amecheka hadi akakohoa, na mimi niliye katikati yao sina wa kumwambia.

Gereji hii ni ya familia. Anayeiendesha ni shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye watu wote wanamwita Bomba. Jina hilo amelipata kihalali. Kila nati anayoifunga lazima aivike spana bomba refu la chuma, aning'inie mpaka itoe mlio. Hata kifuniko cha chupa ya chai akikifunga yeye, wengine tunaomba msaada kwa jirani. Mume wangu anashona viti vya magari kwenye kibanda cha pembeni. Mimi kabla ya kuolewa nilikuwa fundi wa mitambo kule kwenye machimbo ya kokoto.

Kila mwisho wa masika madereva hushindana kupanda mlima wa machimbo wakati udongo umelowa. Mwaka jana Mama alikuwa anaongoza. Kwenye kona ya pili gurudumu la mbele kushoto lilichomoka, likateremka mlima peke yake, na Mbuzi akalala ubavu. Mama alivunjika mfupa wa bega. Watu wote wakasema ni uzee. Bomba akasema mama yake anakata kona kama anayekimbizwa na nyuki. Gari likakokotwa hadi nyumbani, gurudumu likatupwa nyuma, turubai juu, basi.

"Mwaka huu napanda," Mama amesema wakati wa chakula.

"Mama, una miaka sitini na ushei," akasema mume wangu.

"Na wewe una arobaini, na huwezi kurudi nyuma bila kugonga ndoo."

Machi 4

Mvua. Mezani sauti ilikuwa ya vijiko tu.

Machi 7

Bomba ameenda kununua vipuri. Mama akasubiri gari lake lipotee kwenye kona, akaniletea kigoda.

"Lifungue lile gurudumu. Mwaka mzima naambiwa sijui kuendesha. Nataka kujua."

Nimefungua. Bado mikono yangu inanuka grisi iliyoungua.

Habu ni kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Beringi ya nje ilikuwa haipo tena, imebaki unga na vipande. Ringi yake ya ndani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye mhimili kama imechomelewa, na rangi yake ilikuwa ya buluu, ile buluu ambayo chuma hakiipati bila moto. Nati iliyokuwa ikiibana ilikuwa imekazwa vibaya sana. Beringi za aina hii zina vijiti vilivyolala mshazari, kwa hiyo nati ndiyo inayoamua zibanwe kiasi gani. Ukiziacha huru, gurudumu linacheza. Ukizikaza kupita kiasi, zinajisaga, zinapata joto, grisi inatoka, halafu zinakufa.

Halafu nikaziona bolti. Kifuniko cha habu hufungwa kwa bolti kadhaa zinazopeleka nguvu ya ekseli kwenye gurudumu. Beringi ilipokufa, gurudumu lilibaki limeshikwa na bolti hizo peke yake. Zilizobaki kwenye matundu zilikuwa vipande vinavyong'aa kama meno ya bwana harusi, na shingo zake zilikuwa zimekonda kabla ya kukatika, kama tambi ya unga mbichi. Chuma cha mapambo. Kinafaa kwenye reli ya ngazi.

Mama aliinama akaangalia. Mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka aliyefunga gurudumu hilo ni nani.

"Usiniambie leo," akasema. "Niambie ukishalala ukaamka."

Machi 8

Nimemwambia mume wangu kwanza. Alikuwa anashona kiti cha basi, akaacha cherehani ikizunguka bila kitambaa.

"Umeshahakikisha?"

"Nimehakikisha. Si kona, si uzee. Nati ilikazwa kwa bomba, na bolti zilikuwa laini."

Akasimamisha cherehani. "Yule ni mdogo wangu. Ukilisema hili, nyumba itagawanyika. Mama ameshapona. Liache."

"Na jina lake?"

"Jina la nani?"

"La mama yako."

 Ameendelea kushona, lakini nimeona mshono umekwenda kombo, na yeye hakosei mshono.

Machi 10

Bomba mwenyewe ameikuta habu mezani. Ameigeuza geuza, akasema, "Gari lililoanguka kila kitu kinaharibika," akaondoka akipiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa hauna wimbo.

Jioni nimemwambia Mama yote. Nilidhani atalia au atapiga mtu. Tangu nije katika nyumba hii nimemjua kama mtu wa kufoka: chumvi ikizidi anafoka, mlango ukilia anafoka. Leo alikunja tu kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilijua si mimi," akasema. "Nilisikia gurudumu likilia tangu kona ya kwanza. Nikawaambia hospitalini, wakasema ni maumivu yananifanya niseme hivyo."

"Tumwambie shemeji?"

"Nikimwambia kwa mdomo atabisha mpaka mwakani. Namjua, nimemzaa mimi. Wewe nifungie gari. Nitamwambia nikiwa juu."

Machi 15

Dukani kwa muuza vyuma. Ana duka jembamba lililojaa makopo kuanzia sakafuni hadi darini, na yeye amekaa katikati kama nati kwenye bolti. Nimemwambia nataka bolti za kifuniko cha habu, zenye alama ya ugumu ya kumi nukta tisa kichwani.

"Dada yangu, chukua hizi za kumi na mbili nukta tisa. Ngumu kuliko zote. Wateja wangu wote wakubwa wanachukua hizi."

"Gari lilitengenezewa kumi nukta tisa. Hizo ni ngumu, sawa, lakini zikila kutu mahali penye maji na matope zinaweza kukatika ghafla bila kuaga. Sitaki kujaribu."

"Haya. Urefu?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Bolti ina sehemu laini na sehemu yenye meno. Pale vyuma viwili vinapokutana na kutaka kukatana kama mkasi, nataka pakae sehemu laini, kwa sababu penye meno chuma kimeshachongwa na kimepungua. Akatafuta, akapanga juu ya meza, tukapima moja moja. Mwishoni akaanza kuzikataa yeye mwenyewe kabla yangu. "Hii meno yameingia mno. Hii nayo. Kumbe nimekuwa nikiuza takataka kwa kujiamini."

Machi 16

Nimebana moja ya zile bolti nilizonunua jana kwenye jiliwa na kuikaza kwa spana ya kupimia mkazo. Kabla haijafika hata nusu ya nguvu inayotakiwa, ikaanza kuvutika. Nilihisi mkononi: mkazo hauongezeki, spana inazunguka tu kama imeingia kwenye siagi. Alama ya kichwani ni ya uongo. Mtu mahali fulani ana nyundo na namba za kugongea.

Nikakaa kwenye ndoo. Ningezifunga hizo, ningemfunga Mama nazo.

Machi 17

Nimemrudishia muuza vyuma ile bolti iliyovutika. Kwanza alikasirika. Halafu akaishika mkononi, akaangalia shingo yake, akafunga duka mchana kweupe, akatoa jiliwa yake na kuanza kujaribu kopo baada ya kopo. Nilipoondoka alikuwa amejaza debe zima la bolti za kutupa, na anatukana vizuri sana.

Machi 20

Muuza vyuma amekuja mwenyewe hadi gereji, amelowa chapachapa, na bolti ndani ya soksi safi. Amezinunua kwa wakala wa mitambo mikubwa. Nimejaribu moja: imepanda hadi nguvu kamili na imerudi urefu uleule. Nati mpya, washa ngumu, vyote.

"Mwambie mama mkwe wako mimi nitakuwa kwenye kona ya pili, napiga makofi," akasema.

Machi 22

Mvua siku nzima. Nimekata ile ringi iliyoganda. Imetoka na ngozi ya kidole changu.

Machi 25

Nimefunga beringi mpya pande zote za mbele. Bomba alikuja kuangalia akiwa ameegemea bomba lake kama mlinzi wa lango.

"Shemeji, nati hiyo unaikaza kwa vidole? Unabembeleza mtoto?"

"Naikaza huku nazungusha habu, ili vijiti vikae mahali pake. Halafu nailegeza, halafu naikaza tena kidogo."

"Mimi naikaza mara moja na hairudi."

Nikaizungusha habu tena. 

Machi 26

Siku mbaya. Mama ametoka na Mbuzi barabarani kwa majaribio, mume wangu amesimama getini mikono kichwani. Walirudi polepole. Nilipanga jeki, nikashika gurudumu la kushoto juu na chini, nikatikisa. Likacheza. Kidogo, lakini lilicheza, na kila mtu alilisikia: tok, tok.

Bomba akacheka. Hakuwa na ubaya mwingi katika kicheko chake, lakini kilitosha.

Mume wangu hakucheka. Alinivuta kando, karibu na mapipa ya oili.

"Umeona? Unamfungia mama yangu gurudumu linalocheza."

"Nimeona. Nitalifungua tena."

"Na ukikosea tena? Safari hii akianguka si Bomba aliyemfunga. Ni wewe. Mke wangu. Mimi nitaishi vipi na hilo?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake nikasema ukweli, kwamba mimi pia sijui nitaishi vipi na hilo. Akaniangalia kama mtu aliyekuja kupigana akakuta mlango wazi. Akarudi kwenye cherehani yake.

Mama alikuwa ameyasikia yote. Alikuja akakaa kwenye kigoda, akachukua brashi na kuanza kusafisha spana zangu. Hakufoka. Heri angefoka.

Machi 28

Nimekijua kilichotokea. Beringi ina ringi ya nje inayogongwa ndani ya habu mpaka ikae chini kabisa. Nilipoigonga, nilisimama mapema. Ilionekana imefika, kumbe imebakiza unene wa kucha. Mama alipoendesha, ikasukumwa ikakaa yenyewe, na nafasi hiyo ikageuka mchezo.

Nimeigonga tena kwa kuzunguka, upande huu na upande ule. Nyundo ilitoa mlio mzito, mzito, mzito, halafu ghafla mlio ukawa mwembamba na mkali kama kengele. Hapo ndipo imefika. Mama alikuwa mbali, jikoni, akapaza sauti, "Hiyo ndiyo!" Ana masikio yule mama.

Kisha mkazo. Nimeazima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Unaifunga kwenye bolti ya gurudumu, unavuta kwa pembeni, unaangalia habu inaanza kuzunguka mizani ikiwa imesoma ngapi. Ikizunguka kwa kuvutwa kidogo mno, beringi ziko huru. Ikigoma, zimebanwa. Nilipata kipimo kizuri, nikafunga nati ya pili inayoifungia ya kwanza, nikapima tena: kimepanda. Ile nati ya pili inaisukuma ya kwanza ndani. Kwa hiyo nikafungua, nikalegeza kidogo sana, nikafunga, nikapima. Nikafungua. Nikarudia. Mume wangu alitoka kibandani akasimama nyuma yangu, na baada ya muda akaanza kunisomea mizani ili mimi nivute kwa mikono yote miwili.

"Hapo," akasema. "Tena." Nikavuta. "Palepale." Tukafunga. "Palepale."

Nikakunja masikio ya washa ya kufungia, moja juu ya nati hii, jingine juu ya ile. Gurudumu likakaa kimya.

Machi 30

Mama amezunguka nalo asubuhi nzima kwenye matope. Nimetikisa: kimya. Habu ina joto la mkono wa mtu.

Aprili 4

Mvua. Unyoya wa kuku umeonekana ndani ya kisafisha hewa. Sijui wamefikaje huko.

Aprili 9

Waandaaji wametangaza sheria mpya. Kwa sababu ya ajali ya mwaka jana, kila fundi aliyefunga gari lazima apande nalo mlima, kiti cha pembeni.

Mume wangu amelisoma tangazo mara mbili. "Kwa hiyo sasa nitawapoteza wote wawili kwa pamoja," akasema. Mama akamjibu kwamba akiwa na wasiwasi hivyo, ashone mikanda.

Aprili 12

Nimepanda naye kwa mara ya kwanza. Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kukaa pembeni yake akiendesha, maana mimi huwa chini ya magari. Nilishika kila kilichoshikika. Baada ya muda nikaona sina sababu ya kushika. Huyu mwanamke anayefoka juu ya chumvi anagusa usukani kwa vidole. Kabla ya shimo anaachia mafuta, anaacha gari lishuke lenyewe, halafu analiinua taratibu kama mtu anayembeba mgonjwa. Kila nilichoambiwa kuhusu uendeshaji wake ni uzushi.

"Mbona nyumbani unafoka, Mama?"

"Nyumbani hakuna anayenisikiliza. Mbuzi ananisikiliza."

Aprili 19

Bomba ameingiza gari lake kwenye mashindano. Kubwa, la juu, magurudumu mapana. Leo nimemsikia akifunga habu zake za mbele, ile kriii ya nati inayolia. Nikamfuata.

"Shemeji, nisaidie nikusaidie. Niruhusu nipime mkazo wa habu zako. Mizani bado ninayo."

Akatabasamu, akafuta jasho. "Shemeji, asante. Hizi zimefungwa na mwanamume."

"Mwaka jana pia zilifungwa na mwanamume."

Limenitoka. Tabasamu likamkauka. Akaokota bomba lake, akaondoka, na nikaona shingo yake imekakamaa. Nadhani anajua. Nadhani amejua tangu siku ile alipoigeuza habu mezani, na mluzi wake ndio ulikuwa njia ya kunyamaza.

Aprili 20

Nimemhurumia Bomba leo. Sikutarajia.

Aprili 27

Mume wangu ametoa kiti kipya cha dereva. Ameshona upande wa kulia umenyanyuka, umejazwa sponji ngumu, ili bega la Mama lililovunjika liegemee bila kutikiswa. Pembeni ameshona mikanda mipana. Na changu pia. Hakusema ameridhia. Amekifunga tu kiti, na Mama amekaa ndani yake mchana kutwa gari likiwa limezimwa.

Mei 3

Mvua kubwa. Mlima unasemekana umekuwa sabuni.

Mei 8

Nimekagua kila bolti kwa spana ya kupimia na kuipiga mstari wa rangi nyeupe kichwani, ili ikizunguka hata kidogo nione. Hakuna iliyozunguka. Nimeshindwa kula.

Mei 11

Naandika kwa furaha.

Tulikuwa magari sita chini ya mlima. Matope yalikuwa mekundu, mazito, na mvua ilikuwa nyembamba ya kuudhi. Sheria ni rahisi: wa kwanza kuvusha magurudumu yote kwenye ukingo wa juu ndiye mshindi. Tulipanga foleni kwa kura. Bomba alipata nafasi ya kwanza, sisi ya nne. Mume wangu alikuja dirishani, akakaza mkanda wa mama yake, akakaza na wangu, akataka kusema neno, akasema, "Mmekula?"

"Toka hapo, utakanyagwa," Mama akamwambia, akamshika shavu.

Kengele ikagongwa.

Mwanzoni tulimwagiwa matope na wote waliotangulia. Mama hakukimbilia. Wa tatu akazama kabla ya kona ya kwanza, tukampita kushoto. Wa pili alikanyaga mafuta hadi mwisho na magurudumu yake yakawa yanazunguka bure kama feni, tukampita kulia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nasikiliza upande wa kushoto tu. Nilisikiliza kama mtu anayesubiri mtoto aache kukohoa.

"Analia?" Mama akauliza.

"Halii."

"Nami sisikii kitu. Safi."

Mbele yetu akabaki Bomba peke yake. Lazima nikiri, gari lake lilikuwa linapanda kama jumba. Lakini nikaona moshi. Haukutoka kwenye bomba la nyuma. Ulitoka kwenye gurudumu la mbele, moshi mweupe mwembamba, na matope yanayorukia pale yalikauka papo hapo. Kwenye kona ya pili, palepale, gurudumu lake likagoma kuzunguka. Gari likajipinda, likasimama kukingama njia nzima.

Mama aliachia mafuta. "Ameumia?"

Bomba alitoa mkono dirishani akapunga. Alikuwa mzima. Nyuma yetu gari jingine lilikuwa linanguruma kuja.

Kati ya pua ya gari la Bomba na ukuta wa mlima palibaki nafasi ya mtu mnene kupita. Mtaro upande mmoja, ukingo wa udongo upande wa pili. Mama aliangalia pale, akaniangalia mimi.

"Nikipita pale, uzito wote unakwenda kwenye gurudumu la kushoto. Yote. Gurudumu lile lile. Unasemaje, fundi?"

 Nilifikiria mlio wa nyundo uliogeuka kengele. Nilifikiria mume wangu akisema palepale. Nikafikiria kila bolti, moja moja, nikakuta hakuna hata moja ninayoitilia shaka.

"Pita."

Akaingiza gia ndogo. Magurudumu ya kulia yakapanda ukingo, ya kushoto yakazama mtaroni, na Mbuzi akakaribia kulala ubavu mpaka mimi nikaning'inia kwenye mkanda na kuona mtaro moja kwa moja chini ya bega langu. Watu wakapiga kelele. Nilisikia chuma kikiguna, springi zikilia, jiwe likigonga. Lakini upande wa kushoto hapakuwa na tok. Hapakuwa na mlio. Gurudumu lilizunguka polepole, limebeba gari zima na wanawake wawili, likazunguka, likazunguka, kama halijui kwamba ni jambo kubwa.

Tulipoteremka upande wa pili na kurudi sawa barabarani, muuza vyuma alikuwa amesimama ukingoni anapiga makofi na kulia waziwazi bila haya. Mama hakugeuka. Alipandisha kona ya tatu, akapandisha ule mwinuko wa mwisho, na tukavuka ukingo wa juu magurudumu yote, hakuna aliyekuwa mbele yetu wala karibu nyuma yetu.

Akazima injini. Tulikaa. Mvua iligonga paa.

Halafu Mama akafoka. Alifoka kwa furaha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akipiga usukani kwa viganja, "Si mimi! Si mimi! Sikuwa mimi!" Nikamkumbatia na mikanda yetu yote.

Walikuja kutushusha, watubebe juu juu. Mama akakataa.

"Mwanangu amekwama kule chini. Toeni kamba."

"Tutamshusha kwa trekta," akasema msimamizi.

"Kumshusha ni aibu. Nampandisha."

Tukarudi chini kinyumenyume. Bomba alikuwa amekaa kwenye tope, ameliangalia gurudumu lake lililoungua. Nilishuka na sanduku la spana, nikapiga magoti karibu naye.

"Tuilegeze nati kidogo lizunguke," nikasema. "Halitapona, lakini litafika juu."

Akanipa spana moja baada ya nyingine, bila kuniuliza ipi. Nati ilikuwa imeganda. Nikagonga, nikavuta, ikaachia. Habu ilinichoma hata kupitia glavu. Bomba aliitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo ilivyokuwa na ya Mama?"

"Ndivyo."

Akainuka. Nilidhani anaondoka. Alikwenda hadi dirishani kwa mama yake, akavua kofia yenye matope, akasimama pale kwenye mvua. Sikusikia alichosema. Niliona Mama akitoa mkono, akamvuta sikio, akaliachia, akamfuta uso kwa kiganja.

"Kaa kwenye usukani wako," akamwambia kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Na usikanyage kitu."

Basi mlima mzima ukaona: mama wa miaka sitini na ushei, kwenye gari la zamani, akimkokota kwa kamba jemadari wa gereji hadi kileleni. Watu walicheka, walishangilia, walipiga masufuria. Na Bomba, Mungu ambariki, alitoa kichwa dirishani akawapungia mkono kama yeye ndiye bwana harusi. Alipofika juu akashuka, akapanda juu ya boneti ya Mbuzi, akapaza sauti mpaka kilele kikasikia:

"Mwaka jana hakuendesha vibaya! Nilimfunga vibaya mimi! Andikeni popote mnapotaka!"

Mume wangu alikuwa amepanda mlima kwa miguu, amevaa matope hadi kiunoni. Alifika akiwa hana pumzi, akatushika mimi na mama yake kwa mkono mmoja mmoja, akashindwa kuuliza hata kama tumekula.

Walimpa Mama kombe. Akalitumia kunywea maji, akampa mume wangu alishike. Kisha, wakati wa kuteremka, akazunguka gari, akafungua mlango wa pembeni, akakaa kwenye kiti changu.

"Mama, mimi sijawahi kuendesha mlima huu."

"Umenikalia pembeni mwezi mzima. Umeona ninavyofanya."

Bomba na mume wangu walikuwa wamesharuka nyuma, wamekaa juu ya kamba. Nikaingia kwenye kile kiti kilichoshonewa bega la mwingine, nikavuta mkanda. Mvua ilikuwa imekatika na chini mji mzima ulikuwa unang'aa kwa maji.

"Usikimbilie," akasema Mama, akafunga macho, akaegemea. "Mimi nalala kidogo."

Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia breki, na watu wakatupisha njia.